Dawa za presha: kabla hujaacha, hujabadili wala kuongeza kidonge, pita hapa

#1 Mfamasia_Tanga

Wakuu, salaam. Mimi ni mfamasia, nipo nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni watu wa presha. Nimefungua uzi huu kwa sababu matatizo mengi ninayoyaona yanaanza siku mtu anapoigusa dozi yake bila kumuuliza aliyemwandikia. Kaacha kwa kuwa anajisikia mzima. Kaongeza kidonge kwa kuwa kichwa kinamgonga. Kachukua cha jirani. Au kaandikiwa dawa ya pili hospitali nyingine, na hakuna aliyemuuliza ya kwanza ni ipi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu kama bilioni 1.3 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya kupanda, karibu nusu yao hawajui kama wanayo, na walioidhibiti ni kama mmoja kati ya watano. Katika hao wanne waliobaki wamo pia watu ambao dawa wanazo ndani kabisa, mezani, na bado presha iko juu.

Juzi alikuja mama mmoja mtu mzima, miguu imejaa, kila akisimama kichwa kinazunguka. Nikamwomba arudi na dawa zake zote, kila kitu anachomeza, hata cha magoti. Akarudi na kikapu kidogo, akakimimina mezani. Kulikuwa na boksi la amlodipine miligramu 10. Kulikuwa na boksi jingine, rangi tofauti, jina tofauti kabisa, lakini maandishi madogo chini ya jina yanasema telmisartan 40 na amlodipine 5. Kulikuwa na bahasha ya zahanati imeandikwa kwa kalamu "1x1", ndani vidonge vyeupe, jina la dawa hakuna. Na karatasi ya diclofenac imebaki vidonge vinne.

Hesabu yake ni hii. Amlodipine anameza mara mbili bila kujua, jumla miligramu 15 kwa siku, na kiwango cha juu cha kawaida ni 10. Diclofenac inapandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha, halafu ikikutana na telmisartan inaibana figo. Vile vyeupe vya kwenye bahasha, ilibidi tupige simu zahanati: dawa ya kukojoza. Sasa dawa ya maumivu ya aina ya diclofenac au ibuprofen, dawa ya kukojoza, na dawa ya jamii ya telmisartan zikiwa mwilini kwa pamoja, huo ni mchanganyiko unaojulikana kwa kuzimisha figo, hasa kwa mzee aliyepungukiwa maji. Na mama wa watu ni mtiifu, hakuruka hata siku moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba, jifunzeni kusoma mkia wa jina. Achana na jina kubwa la biashara, tafuta lile dogo chini yake. Likiishia na -dipine (amlodipine, nifedipine), hiyo inalegeza mishipa. Likiishia na -pril (captopril, enalapril, lisinopril) au -sartan (losartan, telmisartan, valsartan), hizo zinazuia kazi ya homoni inayobana mishipa, na zinagusa figo na potasiamu. Zenye -olol (atenolol, bisoprolol, propranolol) zinapunguza kasi ya moyo. Hydrochlorothiazide, bendrofluazide na indapamide ndizo tunazoziita dawa za kukojoza.

Ukikuta mikia miwili inayofanana kwenye mfuko mmoja, nenda kliniki siku hiyohiyo na mfuko mzima. Vilevile ukikuta -pril na -sartan pamoja. Utafiti uliojulikana kama ONTARGET, uliotoka mwaka 2008 na kuhusisha watu zaidi ya 25,000, ulizichanganya hizo mbili: faida haikuongezeka, madhara yakaongezeka.

Na kwa maumivu ya magoti na mgongo, anza na paracetamol ya kawaida kwa kipimo chake. Ile inayochemka kwenye glasi ya maji achana nayo, ina sodiamu nyingi.

Karibuni maswali. Sitamwandikia mtu dawa humu ndani, lakini nitamwambia la kuuliza akifika kwa daktari.

#2 Chuma_Doti

Asante mkuu. Mimi nina swali la moja kwa moja. Nilianza na 165/100, nimemeza amlodipine, sasa kila nikipima ni 120/80. Kwa nini niendelee? Si nimeshapona? Kuna jamaa yangu aliacha, wiki nzima presha haikupanda.

#3 Mfamasia_Tanga

Hiyo 120/80 ni kidonge kinafanya kazi, mkuu. Ukikitoa, kwa watu wengi namba inarudi ilikokuwa.

Kuhusu jamaa yako, amlodipine inatoka mwilini polepole mno. Inachukua kati ya saa 30 na 50 mpaka nusu yake iondoke, halafu nusu ya iliyobaki nayo vivyo hivyo. Mtu akiacha Jumatatu, Jumatano bado anapima vizuri, anawatangazia kijiweni kwamba kapona. Mwambie apime tena baada ya wiki mbili tatu, mara kadhaa, siku tofauti. Na ni kwa sababu hiyohiyo anayeanza amlodipine asitarajie muujiza siku ya pili. Inachukua kama wiki moja kutulia mwilini, kwa hiyo usiongeze kidonge siku ya tatu eti haifanyi kazi.

Zile za -olol ni hatari zaidi kuziacha ghafla. Moyo uliokuwa umezuiwa unaanza kwenda mbio, presha inaruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Clonidine, dawa nyingine ya presha, nayo ni hivyohivyo. Hizo hupunguzwa hatua kwa hatua.

Nikubali pia upande wa pili: dozi inaweza kupungua. Ukipunguza kilo, ukashusha chumvi, ukaacha pombe, daktari anaweza kukutoa 10 akakupeleka 5, na wachache huachishwa kabisa huku wanafuatiliwa kwa kipimo. Mpelekee rekodi zako. Ukizipima nyumbani na kuziandika, daktari ana cha kuangalia.

#4 Binti_Pangani

Shikamoo wakubwa. Mama yangu naye miguu imevimba vifundoni tangu aanze amlodipine 10. Duka la dawa jirani wakampa Lasix, dawa ya kukojoza. Anakojoa sana, anachoka, na miguu iko vilevile. Anataka kuacha zote.

#5 Mfamasia_Tanga

Marahaba. Pole kwa mama, na hili linawapata wengi, wanawake zaidi ya wanaume, na kwenye 10 zaidi ya kwenye 5.

Uvimbe wa amlodipine hautokani na mwili kujaa maji. Amlodipine inafungua mishipa midogo inayopeleka damu, ile inayorudisha haifunguki kwa kiasi hicho, basi maji yanasukumwa nje ya mishipa na kukaa vifundoni. Ndiyo maana Lasix inamkausha mwili mzima huku vifundo viko palepale. Anachoka kwa sababu anapoteza maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo.

Daktari ana njia kadhaa: kushusha iwe 5, kuongeza -pril au -sartan ambazo hupunguza uvimbe huo, au kubadili kabisa. Lakini kwanza lazima amwangalie, kwa kuwa miguu kuvimba kunaweza pia kutoka kwenye moyo au figo. Akiwa anahema akilala chali, au mguu mmoja tu ndio umevimba na unauma, asisubiri miadi.

Nenda naye wewe mwenyewe. Beba dawa zote, na mseme wazi kuhusu hiyo Lasix. Wagonjwa wengi huficha dawa walizonunua dukani kwa kuogopa kufokewa, daktari anaandika nyingine juu yake.

#6 Kobe_wa_Mindu

Baba anatumia enalapril. Anakohoa kikohozi kikavu usiku kucha, kifua kikuu kapimwa hana. Kamaliza chupa za dawa za kifua hadi basi. Inahusiana?

#7 Mfamasia_Tanga

Inawezekana sana. Kikohozi kikavu cha kukera koo ni tabia ya dawa za -pril, kwa karibu mtu mmoja kati ya kumi. Kinaweza kuanza wiki ya kwanza, kinaweza kuanza baada ya miezi, ndiyo maana watu hawaunganishi. Hakuna dawa ya maji itakayokitibu. Mbaya zaidi, dawa nyingi za mafua na kifua zina pseudoephedrine au phenylephrine, na hizo zinapandisha presha. Yaani mzee anameza ya kushusha, ananyweshwa ya kupandisha.

Aende kliniki aseme "nakohoa tangu nianze hii". Kawaida hubadilishiwa iwe -sartan, na kikohozi hukatika ndani ya wiki moja hadi nne.

Kuna jambo zito zaidi kwenye hizo -pril, na sisi watu weusi linatupata zaidi kuliko wengine: midomo, ulimi au koo kuvimba ghafla. Likitokea, hakuna kusubiri asubuhi. Hospitali muda huohuo, na dawa yoyote ya -pril haigusi tena maisha yake yote. Waandikieni kwenye daftari la kliniki kwa maandishi makubwa.

#8 Mizizi_Halisi

Naheshimu elimu yako mfamasia lakini mnawajaza watu makemikali. Hizi dawa ndizo zinazoua figo. Mimi nina bibi yangu, miaka na miaka anatumia rozela, kitunguu saumu na mlonge, na madafu kila siku. Yupo.

#9 Mfamasia_Tanga

Ndugu yangu, na mimi bibi yako namwombea umri. Ngoja nikujibu kwa utaratibu maana hili suala la figo limewapeleka watu wengi kwenye mashine za kusafisha damu.

Figo imejaa mishipa midogo sana ya kuchujia damu. Presha ikiwa juu miaka mingi inaiharibu hiyo mishipa, na haiumi. Mtu anakuja kugundua figo zimekwisha wakati ndio kwanza kaanzishiwa vidonge, basi lawama zinakwenda kwenye vidonge. Dawa za -pril na -sartan zinatumika kulinda figo za watu wenye kisukari wanaopitisha protini kwenye mkojo.

Ila usalama wake unategemea kipimo. Ukianzishiwa -pril au -sartan, wiki moja hadi mbili baadaye unatakiwa upimwe damu, kreatinini (inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu, na kila dozi inapopandishwa. Kama hukupimwa, uliza. Na ukishikwa na kuharisha au kutapika kwa nguvu, piga simu kliniki mapema: mara nyingi -pril, -sartan na dawa ya kukojoza husimamishwa kwa muda mpaka ule na unywe vizuri, siku moja au mbili, kisha zinarudi. Mwili uliokauka na dawa hizo havipatani.

Rozela: ndiyo, kuna tafiti zinazoonyesha chai yake inashusha presha kidogo. Sina ugomvi nayo. Kwa mtu wa 145/90 anayeanza kupunguza chumvi, inywe bila sukari. Kwa mtu wa 180/110 haitoshi, na ukiichanganya na vidonge mwambie daktari ili akupime akijua.

Madafu ndiyo nataka kuyasemea, sisi wa pwani. Yana potasiamu nyingi. Kwa figo nzima ni kinywaji kizuri. Kwa mtu mwenye figo dhaifu anayemeza losartan au lisinopril, na labda spironolactone (dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini) juu yake, potasiamu inaweza kurundikana mpaka moyo ukasimama. Hali hiyohiyo kwa zile chumvi za dukani zinazouzwa kama chumvi salama kwa presha: nyingi zimepunguzwa sodiamu na kuwekwa potasiamu. Kwa watu wengi zinafaa kweli. Utafiti mkubwa wa vijijini China, watu karibu 21,000, mwaka 2021 ulionyesha zinapunguza kiharusi. Lakini mwenye figo mbovu au anayetumia dawa nilizotaja asizinunue kabla ya kupima damu.

#10 Mizizi_Halisi

Hilo la potasiamu sikulijua. Bibi ana kisukari pia. Nitampeleka apimwe figo.

#11 Nesi_Wilayani

Naomba nichangie, niko kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza hospitali ya wilaya. Mambo mawili yananiuma.

La kwanza ni vipimo vya barabarani. Mtu katoka sokoni na mzigo kichwani, jua la saa saba, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anafungwa mkanda juu ya shati huku anapiga soga, inasoma 170, anauziwa dawa papo hapo. Mtu huyo nikimkalisha dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, kakojoa, hajavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita, mkono wazi umelazwa mezani usawa wa moyo, inasoma 138. Nasubiri dakika moja narudia. Na mkanda uwe saizi ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko ukweli, na kina mama wengi wanene wanapandishiwa dozi kwa kosa la mkanda.

Ukinunua mashine ya nyumbani nunua ya mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono, kisha uje nayo kliniki tuilinganishe na yetu.

La pili ni dawa za chini ya ulimi. Bado kuna watu, na nasema kwa masikitiko hata baadhi ya watoa huduma, mgonjwa akisoma 190 wanatoboa kapsuli ya nifedipine wanamdondoshea chini ya ulimi. Presha inaporomoka kwa dakika chache, na ubongo uliozoea msukumo mkubwa unakosa damu. Unamletea kiharusi mtu uliyetaka kumkinga nacho. Mwaka 1996 madaktari waliandika kwenye jarida la JAMA wakitaka jambo hilo lisimame. Ni zamani hiyo, na bado naliona.

Zile nifedipine za kutoa dawa taratibu, zilizoandikwa "retard", zimeze nzima. Ukizitafuna au kuzisaga unajimwagia dozi ya saa 12 kwa mkupuo.

#12 Chuma_Doti

Sasa dada, mzee akisoma 190 usiku, tufanye nini?

#13 Nesi_Wilayani

Mkalishe, pima tena baada ya dakika chache. Kama ni 180/120 kwenda juu na ana dalili hata moja, yaani kifua kinabana, anahema, mkono au mguu umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande, maneno hayaeleweki, haoni vizuri, amechanganyikiwa, mpelekeni hospitali sasa hivi. Msimpe kitu kwanza kusubiri kama itashuka.

Kama hana dalili yoyote, muulize kama leo kameza dawa yake. Mara nyingi hajameza. Ameze dozi yake ya kawaida, moja, apumzike, muende kituoni kesho yake asubuhi. Kumshusha kwa nguvu usiku huo hakuna faida.

#14 Nyali_Dada

Habari kutoka Mombasa. Mdogo wangu ana miaka 34, anatumia losartan mwaka wa pili, na sasa ana mimba ya miezi miwili. Kliniki ya wajawazito kapangiwa wiki tatu zijazo. Aendelee mpaka hapo?

#15 Mfamasia_Tanga

Hapana dada. Aonwe leo, losartan asiimeze tena mpaka aonwe, na asikae nyumbani bila dawa yoyote akidhani kamaliza. -sartan na -pril zinamdhuru mtoto tumboni, hasa figo zake, hasa mimba ikisogea. Presha isiyotibiwa nayo inamweka mama kwenye hatari ya kifafa cha mimba. Zipo dawa zilizotumika kwa wajawazito miaka mingi: methyldopa, labetalol, nifedipine ya kutoa taratibu. Aseme mapokezi hivi: "Nina mimba na nilikuwa natumia losartan." Wakisikia hivyo hawatamwambia asubiri wiki tatu.

Na kwa dada zetu wote walio kwenye umri wa kuzaa na wanatumia hizo dawa, mwambieni daktari kama mnapanga kupata mtoto, kabla ya mimba.

#16 Nyali_Dada

Tuko njiani. Asante sana.

#17 Ustadh_Chumbageni

Assalaam aleykum. Ramadhani tunafanyaje? Wengine msikitini wanaacha dawa mwezi mzima, wengine wanameza za siku nzima kwa mara moja wakati wa futari.

#18 Mfamasia_Tanga

Waaleykum salaam. Yote mawili ni hatari, ustadh, na hasa la pili.

Zungumzeni na daktari mwezi wa Shaabani, siyo tarehe tano ya mfungo. Dawa ya mara moja kwa siku haina shida, itamezwa futari au daku, muda uleule kila siku. Watu huuliza usiku au asubuhi ipi bora. Uingereza walifanya utafiti wa TIME kwa watu zaidi ya 21,000, majibu yakatoka mwaka 2022: hakukuwa na tofauti kwa kiharusi wala shambulio la moyo. Chagua muda ambao hutasahau.

Dawa ya kukojoza iwekwe futari, kwa sababu ukiimeza daku unashinda unakojoa na hunywi kitu. Dawa ya mara mbili inaweza kukaa futari na daku. Captopril ya mara tatu haiingii kwenye mfungo, ombeni ibadilishwe iwe ya mara moja. Anayemeza za siku nzima kwa mkupuo anaweza kuanguka kwenye tarawehe, presha imeporomoka.

Mwenye figo zilizodhoofika, aliyepata kiharusi karibuni, ambaye moyo wake umeshindwa, huyo daktari anaweza kumzuia asifunge, na ruhusa ya mgonjwa ipo katika dini, wewe unaijua kuliko mimi. Naomba uiseme mimbarini. Wazee wanakusikiliza wewe kabla yangu.

#19 Ustadh_Chumbageni

Nitaisema, inshallah, Ijumaa ya mwisho ya Shaabani.

#20 Mchapakazi88

Naomba msinicheke. Tangu nianze atenolol mambo ya chumbani yamekuwa shida. Nimekuwa naziruka siku za wikiendi.

#21 Mfamasia_Tanga

Hakuna wa kucheka hapa mkuu, na umefanya vema kuuliza. Zile za -olol za zamani na dawa za kukojoza zinaweza kuleta hilo. Presha yenyewe pia inaleta, na kisukari, kwa hiyo usihukumu kidonge peke yake. Kuruka wikiendi ni kuacha ghafla kila wiki, na kwa atenolol nimeshaeleza juu. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo uliyoandika hapa. -sartan na amlodipine haziathiri sana upande huo, atakubadilishia kama hali ya moyo wako inaruhusu.

Kitu kimoja nakusihi: usinunue vidonge wala unga wa nguvu za kiume mtaani. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba zimekutwa zimetiwa sildenafil, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, bila kuandikwa. Ikikutana na dawa za nitrati za maumivu ya moyo, presha inaanguka mpaka mtu anapoteza maisha.

#22 Mama_Kijiweni

Jirani alinipa atenolol zake siku dawa zangu zilipoisha. Nina pumu. Usiku nilibanwa kifua mpaka nikakimbizwa. Nimekuja kusoma hapa ndipo naelewa. Lakini jamani tufanyeje, dawa kituoni hakuna, dukani nanunua tano tano kwa kadiri ya pesa.

#23 Mfamasia_Tanga

Pole sana mama, na nashukuru umelisema. -olol zinaweza kufunga njia ya hewa ya mwenye pumu, propranolol ndiyo mbaya zaidi. Dawa ya presha ya jirani iliandikwa kwa mapafu yake, figo zake na moyo wake.

Suala la pesa ni la kweli na linanigusa, kwa sababu mimi ndiye ninayezikata hizo tano kwa mkasi. Angalieni tunavyokata. Jina la dawa liko upande huu wa karatasi, tarehe ya kuisha muda iko upande ule. Mteja wa kwanza anaondoka na jina, wa mwisho anaondoka na tarehe, wa katikati hana kitu. Dai uandikiwe jina, nguvu na tarehe kwenye bahasha, kila mara. Ni haki yako, na muuzaji akikataa badili duka. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama bidhaa moja ya tiba kati ya kumi haina ubora au ni bandia, kwa hiyo nunua kwenye duka lenye kibali, famasi au duka la dawa muhimu, siyo kwa mtu wa mkoba kwenye basi.

Na usidhani dawa ya bei ndogo ni dhaifu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa CREOLE, watu 728 weusi kutoka nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Amlodipine na hydrochlorothiazide ilishusha presha kuliko perindopril na hydrochlorothiazide, na ilikuwa sawa na amlodipine na perindopril. Amlodipine na hydrochlorothiazide ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa kwenye rafu yangu. Mwambie daktari wazi: "Hii siwezi kuinunua kila mwezi." Ni bora akuandikie utakayoimudu mwaka mzima kuliko ya gharama utakayoimeza wiki mbili. Na nenda kituoni vidonge vikibaki vya wiki moja, siyo siku vimeisha.

#24 Binti_Pangani

Nimerudi. Mama tumempeleka. Lasix imeondolewa, amlodipine imeshushwa 5, ameongezewa losartan 50, na kaandikiwa kipimo cha kreatinini na potasiamu, turudi baada ya wiki mbili. Nimempangia kidonge kwenye kisanduku cha siku saba. Swali la mwisho, akisahau asubuhi akikumbuka jioni?

#25 Mfamasia_Tanga

Vizuri sana, hongera kwa kumsindikiza. Akikumbuka siku hiyohiyo, ameze palepale. Akikumbuka kesho wakati wa dozi nyingine umefika, aiache ile ya jana, ameze ya leo peke yake. Asimeze mbili kufidia.

Kisanduku kizuri, ila usitupe maboksi, yaweke pamoja ili mtu yeyote ajue kilichomo ndani. Kisikae juu ya friji wala dirishani penye jua. Na hizi wiki mbili za mwanzo mwambie akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Majibu ya damu yakitoka njoo nayo hapa kama kuna mstari hamjauelewa.